Koplo Gooding Hakuandika Kujionyesha

Kila barua za vita zinapozungumzwa, kuna kauli moja inayorudiwa mpaka wengi wameichukua kuwa kanuni: ukitaka kumjua askari, soma aliyomwandikia mama yake au mkewe, aliyoliandikia gazeti yaache, maana huko alikuwa akijipamba mbele za watu. Ya nyumbani ndiyo iliyotoka moyoni, ya gazetini ni ya jukwaani. Nimeisikia kauli hii kwa walimu wa historia, nimeikuta katika dibaji za vitabu, na nimetazama filamu nzima iliyosimama juu yake. Naipinga. Siipingi kwa kudai kwamba barua za gazetini hazina kasoro. Naipinga kwa sababu tukiifuata tutawanyima sauti watu walewale ambao wakati wa vita walipigania sana wasikike.

Mfano wangu ni James Henry Gooding. Alizaliwa utumwani North Carolina mwaka 1838, akakombolewa kwa fedha angali mdogo, akapelekwa New York na kulelewa katika nyumba ya yatima ya watoto weusi, na huko akafundishwa kusoma na kuandika vizuri. Alipopata ujana alihamia New Bedford, Massachusetts, mji uliokuwa ukiishi kwa mafuta ya nyangumi, na mwaka 1856 akaondoka na meli ya Sunbeam akiwa baharia. Akiwa baharini alitunga mashairi. Septemba 1862 alimwoa Ellen Louisa Allen. Februari 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Muungano wa Kaskazini ukipigana na majimbo ya Kusini, ndoa ikiwa haijatimiza nusu mwaka, aliingia Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi kilichoanzishwa na Gavana John Andrew na kuwekwa chini ya kanali kijana wa Kizungu, Robert Gould Shaw. Tangu Machi mwaka huo hadi Februari uliofuata, Gooding aliliandikia gazeti la mjini kwao, New Bedford Mercury, karibu kila wiki. Barua 48 zilichapishwa. Mwaka 1991 Virginia Adams alizikusanya katika kitabu. Kwa zaidi ya miaka 120 zilikuwa zimelala katika kurasa za gazeti, na yeyote aliyezitaka angeweza kuzisoma.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho kutoka, ilitoka filamu ya Glory, ambayo ndiyo iliyowafundisha watu wengi duniani, hata huku kwetu, kwamba Kikosi cha 54 kilikuwapo. Sauti inayotusimulia katika filamu hiyo ni ya Shaw, na maneno yake yanatokana na barua alizowaandikia wazazi wake. Askari weusi wanaonekana, wanalia, wanaimba, wanapigana, lakini mambo yao tunaelezwa na kamanda wao. Wengi wao wanaonyeshwa kama watumwa waliotoroka juzi, watu wa kuanzishwa moja kwa kila kitu. Ukweli ni kwamba wengi wa Kikosi cha 54 walikuwa watu huru wa majimbo ya Kaskazini: mabaharia, vinyozi, wakulima, vibarua, na waliojua kusoma hawakuwa wachache. Watoto wawili wa Frederick Douglass, mtumwa mtoro aliyekuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa, Lewis na Charles, walikuwamo. Filamu inaonyesha askari akichapwa mijeledi mbele ya wenzake, ilhali adhabu hiyo ilikuwa imekwisha pigwa marufuku jeshini mwaka 1861.

Sina ugomvi na Shaw. Barua zake ni nzuri, zina mashaka ya kweli na ushujaa wa kweli. Ugomvi wangu ni na hukumu iliyofanya barua zake zionekane ndizo roho ya kikosi. Ilidhaniwa kwamba kwa kuwa Shaw alimwandikia mama yake, basi amesema kweli, na kumbe katika kikosi hichohicho, katika Kombania C, alikuwamo koplo aliyekuwa akisimulia safari ileile na mapigano yaleyale kwa mtu yeyote wa New Bedford aliyenunua gazeti.

Tena tujiulize ni barua za nani zinazobaki. Familia ya Shaw ilikuwa na mali, nyumba kubwa na marafiki mashuhuri. Barua za mtoto wao zilitunzwa, zikapigwa chapa, zikaingia maktaba. Mke wa baharia mweusi anayehama chumba hadi chumba akitafuta kazi ya kufulia hana sanduku la kukaa miaka mia. Ukisema barua ya kweli ni ile ya faragha peke yake, umekwisha amua, pengine bila kukusudia, kwamba historia ya vita itaandikwa na watu wenye dari na kabati. Maskini alikuwa na hifadhi moja tu ya uhakika, nayo ni gazeti, kwa kuwa gazeti hutoka nakala nyingi na kuwekwa mahali pengi. Gooding hakuhitaji jamaa tajiri wa kumtunzia maneno. Aliyatunza yeye mwenyewe, kwa kuyachapisha.

Sasa niingie kwenye hoja kuu ya wapinzani wangu, kwamba anayeandikia umma hudanganya kuliko anayemwandikia mtu wake. Mimi naona mara nyingi huwa kinyume. Nani asiyejua jinsi barua ya nyumbani inavyofichaficha? Kijana aliyekosa chakula siku mbili humwandikia mama yake kwamba anakula vizuri. Aliyejeruhiwa husema amekwaruzwa. Hufanya hivyo kwa mapenzi, na hakuna wa kumlaumu, lakini mapenzi hayo hayafanyi barua yake kuwa ushahidi. Mama hana njia ya kuhakiki, na hata angekuwa nayo asingeitaka.

Msomaji wa Mercury alikuwa nayo. Mwaka 1860 New Bedford ilikuwa na watu wapatao 22,000, na weusi miongoni mwao walikuwa jamii iliyojuana kwa majina na makanisa. Douglass mwenyewe alianzia hapo maisha yake ya uhuru mwaka 1838. Kombania C ilijaa vijana wa mji huo. Gooding alipoandika kwamba kikosi kimefanya jambo fulani siku fulani, mjini walikuwapo wake, mama na ndugu wa makumi ya watu waliokuwa mahali palepale, nao wakipokea barua zao. Angetia chumvi, angeumbuka kabla ya wiki kwisha. Herufi J.H.G. alizoziweka chini ya barua zake hazikumficha kwa yeyote: waliomjua walijua ni nani, na askari wenzake kambini walilisoma gazeti lilipowafikia. Ni mwandishi gani wa barua ya faragha aliyewahi kusimamishwa mbele ya mashahidi wa namna hiyo?

Na hiyo faragha yenyewe tusiitukuze kupita kiasi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, barua za askari wa Kiingereza zilisomwa na maofisa wa vikosi vyao kabla ya kutumwa. Wazee wetu wa King's African Rifles waliofika Burma mwaka 1944 waliandika wakijua kwamba kuna mkaguzi atakayefungua bahasha. Barua inayosomwa kwanza na mkubwa wako ina hadhira kama ya gazeti, tena hadhira mbaya zaidi, maana ina mamlaka ya kukuadhibu. Askari wa Muungano katika vita vya Marekani hawakuwa na mfumo rasmi wa namna hiyo wa kukagua barua zao. Kwa hiyo Gooding alikuwa na nafasi ambayo askari wengi wa karne iliyofuata hawakuipata, naye aliitumia.

Chukua usiku wa tarehe 18 Julai 1863, Ngome ya Wagner, Kisiwa cha Morris, kwenye lango la bahari la Charleston. Siku mbili kabla yake kikosi kilikuwa kimepigana katika Kisiwa cha James, kisha kikatembea usiku kwenye matope na mvua, na chakula kilikuwa haba. Jioni hiyo watu kama 600 walipangwa kwenye ufukwe mwembamba wa mchanga, wakaongoza mashambulizi. Askari 272 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Gooding aliandika tarehe 20, na unapomsoma unahisi kwamba baruti bado imo puani mwake. Anaeleza jinsi kanali alivyoanguka, jinsi watu walivyojaribu kumtoa wakapigwa risasi au wakaporomokea handakini, jinsi bendera ya jimbo ilivyoraruliwa vipande vipande. Baadhi ya aliyoyasema hayalingani sawasawa na masimulizi ya wengine, hasa kuhusu nani alishika bendera ipi na kwa muda gani. Aliona kipande cha vita, gizani, katikati ya moshi. Lakini kosa la jicho lililo gizani ni jambo moja, na uongo wa mtu anayejipamba ni jambo jingine. Wanaoyachanganya hawamtendei haki.

Jambo la ujira ndilo linaloivunja kabisa kauli ninayoipinga, nami nitakaa hapo kidogo.

Askari wa Kikosi cha 54 waliandikishwa kwa ahadi ya kulipwa sawa na askari mwingine yeyote wa Muungano: dola 13 kwa mwezi pamoja na posho ya mavazi. Walipofika Kusini serikali ikaegemea sheria ya Julai 1862, iliyotungwa kwa ajili ya vibarua weusi wa jeshi, ikasema mtu mweusi alipwe dola 10, na katika hizo akatwe dola 3 za nguo. Inabaki dola 7, karibu nusu ya anayopata Mzungu aliyelala naye handaki moja. Mwanzoni mwa Agosti 1863, chini ya wiki tatu baada ya Wagner, kikosi kilipangwa gwaride na Kanali Littlefield, aliyekikaimu kwa muda, akataka kila anayekubali dola 10 anyooshe mkono wa kulia. Hakuna aliyenyoosha. Gooding aliliandikia Mercury habari hiyo siku chache baadaye.

Fikiria barua ile ilifanya nini. Wake wa New Bedford walikuwa wakingoja fedha, na watoto walikuwa na njaa. Wangeweza kupata habari hiyo vipandevipande, kila mmoja kwa mumewe, na kila mmoja akadhani mumewe peke yake ndiye mkaidi aliyekataa mshahara. Gazeti liliwaambia wote kwa pamoja kwamba kikosi kizima kimesimama pamoja. Liliwaambia pia wapiga kura wa Massachusetts kwamba ahadi iliyotolewa kwa jina la jimbo lao imevunjwa. Barua kwa mke ingeeleza shida ya nyumba moja. Barua ya gazetini iliweka deni hadharani, na deni likiwekwa hadharani mdaiwa hawezi tena kujifanya hajui.

Mwezi Septemba Gooding alipanda ngazi nyingine. Tarehe 28 alimwandikia Rais Abraham Lincoln moja kwa moja kutoka Kisiwa cha Morris, akimuuliza kama wao ni askari au vibarua, akimkumbusha kazi waliyoifanya na damu waliyoimwaga. Barua hiyo imehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Marekani hadi leo na hutajwa mara nyingi, na wengi humstaajabia koplo aliyethubutu kiasi hicho. Mimi sistaajabu. Mtu aliyekuwa amezoea kwa zaidi ya nusu mwaka kupanga hoja kila wiki mbele ya mji mzima alikuwa tayari kuzungumza na Rais. Gazeti ndilo lililomfundisha. Anayeisifu barua ya Lincoln huku akizidharau zile 48 anasifu tunda na kuukata mti.

Novemba mwaka huo Bunge la Massachusetts liliamua kulipa upungufu kutoka hazina ya jimbo. Kikosi kilikataa tena. Walikuwa wakidai serikali ya taifa itamke kwamba wao ni askari kama wengine, na hela za huruma kutoka kwa jimbo zisingetamka hivyo. Uamuzi huu ni mgumu kueleweka kwa mtu aliye mbali, hasa kwa anayewaona watoto wanakosa mkate, nao wenye nia njema waliwaona wakaidi. Ulihitaji kuelezwa kwa subira, tena na tena, kwa watu wengi. Nani angeueleza kama askari wenyewe hawana safu gazetini?

Wala msidhani kulisema jambo hili kulikuwa salama. Katika kikosi kingine, cha 3 cha South Carolina, Sajenti William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mbele ya hema la kamanda wao kwa ajili ya ujira huohuo. Alishtakiwa kwa uasi, na tarehe 29 Februari 1864 akapigwa risasi na jeshi alilolitumikia. Hatari ilikuwa ya namna hiyo. Mtu anayejionyesha hutafuta sifa mahali pasipo na gharama. Gooding aliandika dai la ujira katika majira ambayo dai hilo lingeweza kumfikisha mtu mbele ya kikosi cha kufyatua risasi.

Wapinzani wana jibu jingine, na ni bora kuliko la kwanza. Wanasema: Gooding aliwaandikia wasomaji ambao wengi wao ni Wazungu, kwa hiyo alipima maneno. Mlinganishe na George Stephens wa kikosi hichohicho, aliyekuwa akiliandikia Weekly Anglo-African, gazeti la watu weusi la New York. Stephens ni mkali, anaitaja dhuluma kwa jina lake, hasira yake haina kifuniko. Gooding ni mtulivu zaidi. Je, hilo si ushahidi kwamba hadhira humwamulia mwandishi? Nakubali kwamba hadhira humwamulia mtu sauti. Humwamulia hata anayemwandikia mama yake. Lakini chukua yale wanayoyasimulia wote wawili, Wagner, kazi ya kuchimba mahandaki chini ya mizinga, ujira uliokataliwa, utakuta wanathibitishana. Sauti mbili zilizoelekezwa kwa watu tofauti, zikikubaliana juu ya jambo lilelile, hulifanya liaminike zaidi.

Wengine hunikumbusha kwamba Gooding alidanganya kuhusu kuzaliwa kwake. Ni kweli, alipoingia Sunbeam alijitambulisha kuwa mtu huru aliyezaliwa Troy, jimbo la New York. Lakini tazameni mwaka: 1856. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilikuwa ikifanya kazi, na mtu mweusi aliyezaliwa Kusini angeweza kukamatwa barabarani katika jimbo huru na kurudishwa minyororoni kwa kiapo cha mtu mmoja. Alilinda shingo yake kwenye karatasi za meli. Kutoka hapo kuja kusema kwamba maneno yake kuhusu kikosi chake si ya kuaminika ni kumwadhibu mtu kwa kuwa aliwahi kuwindwa.

Kuna mahali ambapo barua zake zinanisumbua, nami sitapafunika. Tarehe 11 Juni 1863 mji wa Darien, Georgia, ulichomwa moto kwa amri ya Kanali James Montgomery, ilhali haukuwa na askari wa kuulinda. Shaw alimwandikia mkewe kwa uchungu kwamba ni tendo la aibu. Gooding aliliandikia Mercury kwa sauti ya mtoa habari: mji umeteketea, ndimi za moto zimeonekana kutoka mbali. Hapa faragha ilimpa Shaw nafasi ambayo Gooding hakuitumia, na wanaopenda barua za nyumbani wana haki ya kuionyesha. Ila wakumbuke vilevile kwamba Shaw alikuwa na cheo, na jina la familia lililoweza kubeba lawama dhidi ya kanali mwenzake. Koplo mweusi angelaani hadharani amri ya kanali na wasomaji wa Kaskazini, ambao wengi walikuwa bado wanajiuliza kama mtu mweusi anafaa kuwa askari, wangeliona hilo kuwa jibu la swali lao. Kila aina ya barua ina upofu wake. Ninachokataa ni kuitwa upofu wa aina moja dhamiri na wa nyingine maonyesho.

Februari 20, 1864, katika mapigano ya Olustee, Florida, Gooding alijeruhiwa na kutekwa. Kwao zilifika habari kwamba ameuawa. Alikufa tarehe 19 Julai katika kambi ya mateka ya Andersonville, Georgia, akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya ujira sawa, lakini malipo ya tangu siku ya kuandikishwa yalitengewa wale tu waliokuwa huru kufikia Aprili 19, 1861. Kanali Edward Hallowell, aliyempokea Shaw uongozi, akatunga kiapo: askari aape kwamba siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai kazi yake bila malipo. Hata aliyekuwa mtumwa siku hiyo aliweza kuapa kwa dhamiri safi, maana mbele ya Mungu hakuna aliyekuwa na haki hiyo. Mwishoni mwa Septemba 1864, mwaka mmoja baada ya barua ya Gooding kwa Rais, kikosi kilianza kulipwa kila kilichodaiwa, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kukataa.

Sisemi kwamba barua za gazetini peke yake ndizo zilizoleta sheria. Kulikuwa na magavana, maseneta, maofisa, na askari wa vikosi vingine waliolipa kwa damu kama Walker. Nasema kwamba bila barua hizo, kukataa kwa kikosi kungeweza kuandikwa katika kumbukumbu za jeshi kama utovu wa nidhamu wa watu wasiojua wanachotaka. Sanamu mashuhuri ya Kikosi cha 54 ilizinduliwa Boston mwaka 1897 ikiwa na majina ya maofisa. Ya askari weusi waliokufa yaliongezwa miaka ya 1980. Hivyo ndivyo kumbukumbu huenda zikiachwa mikononi mwa wengine. Katika Mercury, askari hao walikuwa na msemaji wao tangu Machi 1863.

Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi wake waziruke barua za gazetini na wasome za nyumbani, na mtengeneza filamu anayetafuta sauti ya kikosi katika sanduku la kamanda, nawaomba jambo moja. Waichukue barua ya Agosti 1863, ile ya gwaride la Littlefield, waisome yote, kisha wanionyeshe sentensi ambayo Gooding angeiandika vingine kama angekuwa anamwandikia Ellen peke yake, na waniambie ni kitu gani cha kweli kingeongezeka kwa kuwa imo ndani ya bahasha.